Safari ya kidato cha tatu: Kilwa Kisiwani au Bagamoyo? Ipi ipo kwenye urithi wa dunia?

Mwl_Historia_Dar:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha historia sekondari hapa Dar, tunataka kuwapeleka vijana wa kidato cha tatu kwenye eneo la urithi wa dunia, lile lililoandikishwa Unesco kabisa. Sasa ofisini ni mabishano tu, nusu ya walimu wanataka Bagamoyo kwa sababu ni karibu na nauli ndogo na wanadai nayo imo kwenye orodha, sisi wengine tunataka Kilwa ila tunaambiwa kule magofu yameshaisha na Unesco waliiweka kwenye listi ya hatari. Mbugani sitaki, Serengeti wanaiona kwenye tv kila siku. Mwenye uhakika anisaidie, na kama kuna mtu wa Kilwa humu aniambie kuna nini hasa cha kumwonyesha mtoto maana kikao cha wazazi kinakuja na nikiwaambia tu "ni historia yetu" hawatoi hela.

Pwani_Kwetu:
Mwalimu, Tanzania tunayo saba tu. Ngorongoro 1979, Serengeti na magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara 1981, Selous 1982, Kilimanjaro 1987, Mji Mkongwe Zanzibar 2000, na michoro ya miambani Kondoa 2006. Bagamoyo haimo, ipo kwenye orodha ya mapendekezo tangu 2006 kama sehemu ya ile njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, na kupendekezwa bado sio kuandikishwa. Kuhusu Kilwa ni kweli iliingizwa kwenye listi ya hatari 2004, mawimbi yalikuwa yanakula ufukwe, mvua na mizizi inabomoa kuta, ila kazi ikafanyika na 2014 ikatolewa. Mwaka huohuo ikaingizwa Selous kwa ajili ya ujangili wa tembo, nadhani ndo watu wanachanganya hapo.

Mmachinga_halisi:
Ticha mimi ni wa hukuhuku Kilwa, anayesema magofu yameisha hajawahi kukanyaga. Waambie wazazi hivi, kabla hajaja Mreno yeyote watu wa kisiwa kile walikuwa wanashika biashara ya dhahabu inayotoka Sofala, huko pwani ya Msumbiji, wanapiga sarafu zao wenyewe zenye majina ya masultani wao. Sarafu ya Kilwa imekutwa Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe, na nyingine zimeokotwa 1944 visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, Australia jamani! Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alifika 1331 akausifu mji, na sultani aliyemkuta ni Hasan bin Suleiman, huyohuyo wa Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane, lipo juu ya jabali linaangalia bahari. Msikiti Mkuu ulianzishwa karne ya 11 ukaja kuongezwa baadaye, ukisimama ndani chini ya zile kuba mtoto hahitaji kuambiwa kwamba babu zake walijua kujenga. Wareno waliuvamia mji 1505. Na kisiwa kina watu mpaka leo, kuna kijiji, kwa hiyo vijana wavae nguo za heshima na wasalimie.

Mrangi_wa_Kolo:
Kilwa sawa ila Kondoa kwa nini hamuitaji kabisa? Hapa Kolo kuna picha nyekundu za wanyama na watu zilizochorwa na wawindaji zamani sana, na baadhi ya yale mapango wazee bado wanafanyia matambiko, mvua ikikataa au mtu akiugua wanaenda pale. Hiyo inaniuma, nchi nzima inajua Kilimanjaro, ila waliofika Kolo ni wa kuhesabu.

Mwl_Historia_Dar:
Asanteni sana, hilo la sarafu na Australia naanza nalo kwenye kikao. Mrangi, Kondoa kwa basi na watoto wengi na siku mbili tu haitoshi, ila kidato cha nne mwakani naipigania, nakuahidi. Mtu wa Kilwa, usafiri na kisiwani tunafanyaje?

Mmachinga_halisi:
Kutoka Dar ni barabara ya kusini moja kwa moja kupitia Mbagala na Kibiti, unaikuta Nangurukuru unakata kushoto mpaka Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, ni zaidi ya kilomita 300 kidogo, lami, mkitoka alfajiri mchana mpo. Laleni Masoko. Kibali mnachukua hapohapo kabla ya kupanda boti, msiende kisiwani bila kibali wala mwongoza watalii, kuvuka ni muda mfupi ila angalieni maboya yawatoshe wote na bahari imetulia asubuhi. Songo Mnara iacheni safari hii, ni mbali zaidi kwa boti na ina misikiti mitano na nyumba nyingi, inataka siku yake. Jambo moja nakuomba sana ticha, vijana wasipande juu ya kuta kupiga picha na wasiokote vigae, yaani vipande vya vyombo vya kale vilivyovunjika, utaviona vimezagaa chini, vingine vya porselini ya China, kila kimoja kinachobebwa mfukoni ni ushahidi umeondoka. Maji ya kunywa na kofia mbebe za kutosha kwani Husuni Kubwa iko mbali na Msikiti Mkuu na mnatembea kwa miguu juani. Mkipanga tarehe niandikie inbox nikuunganishe na wenye boti.