Presha ya mama: rozela, kitunguu saumu au mlonge?

MwanaMikindani
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu yuko Mikindani, presha yake 150 kwa 95, akaandikiwa amlodipini. Kameza kidogo kaacha. Majirani wamemjazia rozela, kitunguu saumu na unga wa mlonge. Kipi kinamfaa?

Nesi wa Masasi
Pole kwa mama. Kati ya hivyo vitatu, mimi nachukua rozela. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliwanywesha watu vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6. Presha ya juu, ile namba ya kwanza, ilishuka kwa wastani wa 7 hivi, na waliopewa kinywaji cha kufananisha kisicho na rozela walishuka 1 tu. Sasa piga hesabu: 150 ukitoa 7 ni 143, bado iko juu. Rozela anywe, lakini kidonge kisiachwe. Hebu muulize kwa upole, kilimkosesha raha nini?

Mjomba wa Newala
Mlonge kwetu mboga, unapikwa na nazi na unaliwa na ugali. Mama ale tu. Ila kuutegemea kwa presha, hapana. Na kama ana kisukari na yuko kwenye dawa, huo unga aseme kwa daktari, unaweza kuishusha sukari zaidi.

Muuza viungo Lindi
Rozela chagua iliyokauka, rangi ya damu ya mzee, ukiibana inavunjika. Ikiwa laini imepata unyevu, inuse kama haina ukungu. Mwagia maji ya moto, funika dakika 10, chuja. Sukari usitie! Ile juisi ya mitaani inayonata mdomoni siyo ya mgonjwa.

MwanaMikindani
Nimempigia. Anasema miguu ilikuwa inavimba kila jioni, akaogopa.

Nesi wa Masasi
Ndiyo hiyo. Amlodipini huwavimbisha miguu baadhi ya watu. Arudi aliyemwandikia ampunguzie au ambadilishie, dawa za presha ziko za aina nyingi. Aende na hiyo rozela mkononi ionekane. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno, ila kumeza punje nyingi mbichi kila siku, kama anatumia aspirini au wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), damu inaweza kuchelewa kuganda.

Dada wa Kilwa
Jamani, mbona chumvi hamjaigusa? Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya ng'onda (samaki wa chumvi waliokaushwa) na korosho za kukaanga. Ng'onda mwambie ailoweke usiku kucha, amwage maji, aipike na nazi bila kuongeza chumvi.

MwanaMikindani
Ng'onda ndiyo kitoweo chake kikubwa! Asanteni. Kliniki nampeleka Jumatatu. Akipima nyumbani apime vipi?

Nesi wa Masasi
Asubuhi kabla ya kahawa. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Apime mara mbili, aandike zote.