Jamaa wa taitsi kaniripoti polisi, na kabla ya hapo alinigongea kioo mbele ya mama mkwe!

Mkaa Midlands:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Barua imeingia asubuhi hii: huenda nikashtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu, nina siku 28 za kumtaja aliyekuwa kwenye usukani. Aliyeripoti ni nani? Mwendesha baiskeli, mnamjua. Hapa Uingereza kila mtaa unaye. Taitsi nyeusi, jaketi la njano linaloonekana mpaka mwezini, kamera kwenye helmeti, kamera chini ya siti, nadhani hata mdomoni anayo.

Nilimpita barabara pana, nikatanua mpaka nikakaribia kuingia Wales. Hakuguswa, hakuyumba. Tukakutana kwenye mataa, akaja upande wa kushoto, akagonga kioo. Kwa kucha! Ko ko ko, sikioni mwa mama mkwe, hana hata wiki tangu atoke Tanga! Mama akanigeukia: "Baba, umemdhulumu nini mtoto wa watu?"

Angenitukana ningenyamaza. Lakini kugonga kioo, halafu anainyooshea kidole kamera yake huku anatabasamu, mama mkwe anaangalia! Tangu hapo mama akipanda gari langu anasoma dua mpaka tufike. Barua nitaijibu. Kile kioo nakijibu vipi?

Na leseni yangu ya hapa haijatimiza miaka miwili. Nikifikisha pointi 6 za makosa inafutwa, naanza upya na kibao cha mwanafunzi. Kisa mtu aliyenigongea kioo!

Binti Chumbageni:
Pole shemeji. Ila mama kauliza swali la msingi na hujalijibu 😂

Fundi Spoki:
Sisi wa taitsi tupo humu. Kanuni ya 163 ya Highway Code, kile kitabu cha kanuni za barabarani cha hapa, tangu Januari 2022: ukimpita mwendesha baiskeli kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa, mwachie angalau mita 1.5. Ukizidisha mwendo, ongeza nafasi. Wewe ulipima kwa nini?

Mkaa Midlands:
Mita 1.5? Nilimwachia nafasi ya kupita harusi nzima na matarumbeta! Nazungumzia kioo.

Wakili wa Kijiweni:
Acheni utani kidogo. Mkuu, angalia tarehe. Kama hukuonywa na polisi pale pale na hapakuwa na ajali, barua ya kwanza inatakiwa imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14 tangu tukio. Hata kama imechelewa, usiitupe. Kutomtaja dereva ni kosa linalojitegemea: pointi 6 na faini hadi pauni 1,000, na kwako wewe hizo 6 ndizo zinazoondoka na leseni. Kujitaja siyo kukiri kosa, umesema tu nani aliendesha. Waombe uione video. Wanaweza kuishia hapo, wakakupa kozi ya udereva, au faini ya pauni 100 na pointi 3, au wakakupeleka mahakamani. Na usithubutu kumtaja mama mkwe, watu wamefungwa kwa mchezo huo.

Mkaa Midlands:
Ahsante wakili, leo hii najibu. Lakini wewe ulishawahi kugongewa kioo?

Mama Pacha:
Kioo tu? Mimi nimelipishwa faini kwa kupumua kwenye njia ya basi. Na picha wakanitumia, napiga chafya!

Mzawa wa Buguruni:
Mnadeka huko. Njooni Dar. Bodaboda kanivunjia sait mira, halafu akanidai mimi hela ya suruali iliyochanika. Wenzake walinizunguka kabla sijashuka. Nikalipa.

Mkaa Midlands:
Mkuu, fungua uzi wako. Hapa mtu kagonga KIOO.

Binti Chumbageni:
Buguruni, suruali ulilipa bei gani?

Mzawa wa Buguruni:
Elfu ishirini. Na soda.

Mama Pacha:
Na soda! Ya baridi?

Fundi Spoki:
Kuna jirani yangu anaegesha gari juu ya njia ya baiskeli kila siku ya Mungu. Ukimwambia anasema anashusha mzigo. Mzigo gani usioisha toka Pasaka?

Binti Chumbageni:
Heri huyo. Wangu anasukumia mapipa yake ya taka mlangoni kwangu, yakijaa anakuja kuniambia MIMI nanuka.

Mama Pacha:
Usiniguse na habari za mapipa! Ni lile la kijani au la kahawia?