Mjadala: Watu wazima wasioona wafundishwe ubunifu majengo hapa Dodoma?

Mleta mada: Nasema wafundishwe, tena kwa uzito uleule wa wengine. Chris Downey, mbunifu majengo wa Marekani, alipoteza uoni mwaka 2008 na bado anafanya kazi hiyo, ramani anazisoma kwa vidole. Majengo yanaota Mtumba, kwenye mji wa serikali, kila kukicha, na watumiaji wa fimbo nyeupe hawapo ramani zinapochorwa. Anayepinga aweke hoja.

Mchoraji ramani: Mkuu, Downey alikuwa mbunifu mzoefu kabla ya 2008. Aliyezaliwa haoni ataelewaje nyumba iliyokatwa mlalo na kutazamwa kutoka juu?

Mkufunzi: Ataelewa, ila usianze na karatasi. Anza na chumba mlichokaa: wakipime kwa kamba yenye fundo kila mita, kisha wakijenge kwa kadibodi ngumu, skeli 1:20. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinakuwa sentimita 20 kwa 25, viganja viwili vinakimaliza. Mlango wa sentimita 90 unakuwa 4.5, vidole vinapita. Ukitumia 1:100 mlango huo ni milimita 9, kidole kinakwama, halafu lawama anatupiwa mwanafunzi! Kuta zikate kwenye sentimita 6, yaani mita 1.2 halisi, kimo ambacho ramani hukatwa. Akipitisha kidole juu ya kuta hizo, anaisoma ramani.

Karatasi zifuate baadaye. Iko karatasi maalumu ambayo mistari myeusi huvimba ikipashwa joto. Ukiikosa, bandika uzi wa pamba kwa gundi nyeupe na uache ukauke kabisa, la sivyo uzi unahama unapopapaswa. Mistari iliyokaribiana chini ya milimita 3 kidole huiona kama mmoja, kwa hiyo kuta karatasi yake, fenicha yake, mabomba yake, zote zikatwe kona moja ileile ili zisigeuzwe. Vipimo usiviandike ndani ya chumba: milimita 4500 kwa nukta nundu, pamoja na alama ya namba, hula karibu sentimita 3. Weka herufi moja, maelezo yakae pembeni.

Msimamizi wa ujenzi: Kwenye ramani nimekubali. Saiti je? Mashimo ya msingi, nondo zilizochomoza. Na kozi fupi isimwaminishe mtu kwamba Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi itamsajili.

Mkufunzi: La usajili ni kweli, waambiwe siku ya kwanza. La saiti silikubali: mbunifu anayeona naye haruhusiwi kuzurura peke yake kwenye mashimo. Atembee na msaidizi, akague kwa mkono. Njia ya mteremko (rampu) yenye kiinuko cha sentimita 60 inataka urefu wa mita 7.2 kwa uwiano wa 1:12. Kamba ileile ya mafundo itamwonyesha kama fundi amepunja.