Mwenzetu anakuja kazini anaumwa: afanyweje, na sisi tulio jirani naye tufanyeje?

MkuuWaZamu

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kutoka kwa wenye ujuzi wa afya kazini, utumishi au usimamizi wa zamu.

Hali yenyewe wengi mnaijua. Chumba kimoja, meza zimebanana, mtu anaingia asubuhi anakohoa na macho yamemwiva. Saa nne anameza vidonge, saa sita anasema yuko fiti. Watu wanagawanyika: wapo wanaomsifu kuwa ni mchapakazi, wapo wanaohamisha viti na kumnunia kimyakimya, na wapo wanaokasirika zaidi akibaki nyumbani, maana kazi zake zinawaangukia wao. Msimamizi akimrudisha anaonekana mkatili. Akimwacha, analaumiwa wiki inayofuata wenzake wakianza kulala mmoja mmoja.

Nataka mambo yanayoweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani. Dalili zipi mtu asije kabisa, na arudi lini? Akija yule aliyeambiwa hawezi kukosa, chumba tukiweke vipi? Na nimwambie maneno gani aende nyumbani bila kumdhalilisha?

---

Muuguzi_AfyaKazini

Mkuu, anza na dalili, achana na jina la ugonjwa. Siku ya kwanza hakuna anayejua anaumwa nini hasa.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi: asije. Arudi baada ya saa 24 kamili bila homa, na saa hizo zihesabiwe bila dawa ya kushusha homa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Parasetamoli hushusha joto kwa saa 4 hadi 6 hivi, virusi haiwagusi. Huyo anayesema yuko fiti saa sita anaambukiza vilevile kama alivyoingia asubuhi, na sasa amepata nguvu ya kuzunguka meza kwa meza. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Dawa nyingi za mchanganyiko za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo anayemeza zote mbili huenda akapitiliza kipimo bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Wagonjwa wanaojilazimisha kumaliza zamu ndio hasa wanaoingia kwenye mtego huu.

Kutapika au kuhara: akae nyumbani hadi zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Si saa 48 tangu alipoanza. Kosa hilo la kuhesabu limerudisha watu wengi kazini mapema mno.

Jicho jekundu linalotoa machozi au tongotongo asubuhi: likiwa la virusi linaambukiza sana kupitia mikono, simu ya mezani, kibodi na taulo. Asubiri hadi litulie, au daktari aseme ni mzio. Tetekuwanga: hadi vipele vyote vikauke na kufanya magamba. Hapo wajulishe mapema wajawazito na wenye kinga dhaifu ili wawasiliane na kliniki zao siku hiyohiyo. Koo linalouma, likithibitishwa kuwa ni la bakteria: saa 24 baada ya kuanza antibayotiki, na homa iwe imeisha.

Mafua mepesi bila homa ndiyo yanayoleta ubishi. Ushauri wangu: siku 3 za mwanzo afanyie kazi mbali ikiwezekana. Isipowezekana, avae barakoa na akae kando.

Jambo moja liandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako. Mwenye homa ya mafua (influenza) anaweza kuambukiza tangu siku moja kabla ya kujisikia vibaya, na huendelea siku 5 hadi 7 baada ya dalili kuanza. Kwa hiyo hata timu yenye nidhamu kamili itapata maambukizi. Msimsake "aliyetuletea". Hamtampata kwa uhakika, na atakayelaumiwa leo kesho ataficha dalili.

Pia si kila anayeumwa anaambukiza. Malaria haipiti kwa kukaa meza moja. Pumu, mzio, kipandauso, maumivu ya hedhi, mgongo na kisukari ni hivyohivyo. Mwenye malaria anahitaji matibabu na mapumziko kwa ajili yake mwenyewe, lakini hakuna sababu ya kumhamia kiti. Inauma sana kuona mtu akitengwa kwa ugonjwa usioambukiza kwa njia hiyo.

---

Afisa_Utumishi

Hayo ya muuguzi ni sahihi, ila karatasi ya dalili peke yake itabaki pambo la ukuta. Mtu haji kazini na homa kwa kutokujua. Anakuja kwa sababu kukosa kunamgharimu. Kagueni mambo haya kabla ya kumlaumu.

La kwanza ni malipo ya siku za mwanzo. Mikataba ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu hifadhi ya jamii, namba 102 wa mwaka 1952 na namba 130 wa mwaka 1969, inaruhusu nchi kutolipa mafao ya ugonjwa kwa siku 3 za kwanza. Linganisha na alichosema muuguzi: siku hizohizo ndizo mwenye homa ya mafua anapoambukiza zaidi. Mahali ambapo mwajiri hajibebeshi pengo hilo, mfanyakazi anachagua kati ya afya ya wenzake na chakula cha wanawe. Kibarua wa kulipwa kwa siku hana hata hilo chaguo. Kama una sauti mbele ya uongozi, itumie hapa kwanza.

La pili ni zawadi ya mahudhurio. Bonasi ya "hajakosa hata siku moja" inamlipa mtu aje na homa. Ifuteni, au siku za ugonjwa zisihesabiwe ndani yake.

La tatu ni cheti cha daktari kudaiwa tangu siku ya kwanza. Mtu mwenye mafua yanayohitaji kulala tu anatumwa kupanga foleni kliniki, aambukize na kuambukizwa huko, ili apate karatasi. Anayeona foleni ni mzigo kuliko kazi anakuja kazini. Utaratibu unaofaa zaidi ni kujaza fomu mwenyewe kwa siku 3 za kwanza, cheti kianze siku ya 4, kama sheria ya kazi ya mahali mlipo inaruhusu. Hofu ya wavivu ipo, naijua. Mtegeaji humgundui kwa cheti, unamgundua kwa mpangilio: anaumwa kila siku ya mshahara, au kila zamu ya usiku. Huyo zungumza naye peke yake. Usiwaadhibu wote kwa ajili yake.

Sasa hao wanaokasirika mwenzao akibaki nyumbani. Hasira yao ina haki, isipokuwa imemwelekea mtu asiyehusika. Kama kukosekana kwa mtu mmoja kunaangusha zamu nzima, aliyepanga zamu ndiye aliyekosea. Kila kazi ijulikane na watu wawili. Kila mmoja awe na ukurasa wa makabidhiano anaousasisha mwisho wa siku: kipi kinaendelea, faili liko wapi, nani anasubiri jibu, mwisho ni lini, kipi kinaweza kungoja. Mistari mitano inatosha. Watu wasiachiane nywila. Aliyeshika nafasi apewe ruhusa yake mwenyewe kwenye mfumo, na apewe mapema, kwa sababu asubuhi ya dharura mtu wa mfumo naye huwa hapatikani.

Halafu kosa la kawaida kabisa: kugawa kazi zote za mgonjwa kwa waliobaki. Usigawe zote. Pitia orodha, toa zinazoweza kungoja siku 3, waambie wateja tarehe mpya, kilichobaki ndicho kigawiwe. Aliyebeba mzigo wa mwenzake apewe saa zake za kupumzika au malipo ya ziada, na iandikwe. Watu wakiona mzigo unahesabiwa, chuki inapungua haraka.

Ongeza hili: mgonjwa akiwa nyumbani asigeuzwe mfanyakazi wa mbali. Mtu mwenye homa akijibu barua za wateja anafanya makosa ambayo wenzake watayasafisha wiki nzima.

---

JikoNaUsafi

Naongezea kwa wanaoshika chakula, maana huko hakuna nafasi ya kubembelezana. Miongozo ya Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) ya usafi wa chakula inataja dalili ambazo mfanyakazi lazima aziripoti kwa msimamizi: manjano ya macho au ngozi, kuhara, kutapika, homa, koo linalouma likiambatana na homa, majipu au vidonda vya ngozi vyenye usaha, na uchafu unaotoka sikioni, machoni au puani. Mwenye dalili hizo aondolewe kwenye chakula. Kumpeleka kuosha vyombo si suluhisho kama anahara, kwa sababu vyombo hivyohivyo ndivyo watu wanavyolia.

Na mtu akitapika ofisini au jikoni, wengi wanachukua ufagio na kitakasa mikono. Vyote viwili havifai. Virusi vya noro, vinavyosababisha milipuko mingi ya kutapika, havifi vizuri kwa kitakasa cha alkoholi. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20 au zaidi.

Kusafisha: waondoe watu, fungua madirisha, vaa glavu na barakoa. Funika matapishi kwa karatasi nyingi za kufutia, yakusanye kutoka nje kwenda katikati, tia kwenye mfuko, funga. Osha kwa sabuni kwanza, kwa sababu klorini hudhoofika ikikutana na uchafu. Ndipo upake maji ya klorini. Kama dawa ya kung'arishia nguo ina klorini asilimia 5, tia mililita 20 kwenye lita 1 ya maji. Ikiwa asilimia 3.5, tia mililita 30. Iache sehemu ibaki na unyevu dakika 5 hadi 10, kisha suuza. Futa eneo pana kuliko unaloliona limechafuka, pamoja na vitasa, swichi na bomba la choo. Chakula kilichokuwa wazi karibu kitupwe. Mchanganyiko uwe wa siku hiyo, na usichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, hutoa gesi ya sumu.

Anayerudi baada ya saa 48 bado anaweza kutoa virusi hivyo kwenye choo kwa wiki mbili au zaidi. Ruhusa ya kurudi haimwondolei wajibu wa sabuni.

---

MkuuWaZamu

Asanteni sana, nimeanza kuandika. Mambo mawili yamebaki. Kuna anayekohoa wiki ya tatu sasa, homa hana, na watu hawataki kukaa naye. Na yale maneno ya kumwambia mtu, bado nayahitaji.

---

Muuguzi_AfyaKazini

Kikohozi baada ya mafua kinaweza kudumu wiki 3 hadi 8 huku maambukizi yakiwa yameshaisha, kwa hiyo kukohoa peke yake si ushahidi. Lakini kikohozi kilichozidi wiki 2 kinastahili kupimwa kifua kikuu, hasa kikiambatana na kupungua uzito, jasho la usiku, homa za jioni au damu kwenye makohozi. Mshauri aende, mpe muda wa kazi wa kwenda. Ikionekana ni kifua kikuu, daktari ndiye aseme arudi lini. Kwa kawaida maambukizi hupungua sana ndani ya wiki chache za dawa zinazofanya kazi, na dozi huendelea miezi kadhaa akiwa kazini kama kawaida. Walio karibu naye watapimwa kupitia huduma ya afya. Wewe usitangaze jina lake. Sema tu kuna uchunguzi wa afya na kila mmoja ataitwa.

Maneno: mwite pembeni, mwache asimame mbali kidogo, usimguse paji la uso. Taja unachokiona na utaratibu, usitaje ugonjwa: "Ndugu yangu, naona una homa na unatetemeka. Utaratibu wetu mwenye homa anapumzika. Niambie kipi cha leo hakiwezi kungoja, nitampa mtu. Siku hii hukatwi mshahara." Sentensi ya mwisho iwe ya kweli, la sivyo usiiseme. Usimuulize ana ugonjwa gani. Muulize anahitaji nini na lini mzungumze tena. Ukimsema mbele za watu, wenzake watajifunza kukohoa chooni.

Mfanyakazi mwenzake anayetaka kuongea naye afanye vivyo hivyo na aongee kuhusu nafsi yake: "Nyumbani nina mzee mwenye mapafu dhaifu, naomba leo tukae mbalimbali au uvae barakoa." Hiyo inasikika. "Unatuua na mafua yako" inaleta ugomvi na mgonjwa anabaki palepale. Na bosi akija anakohoa bila barakoa, mkuu, karatasi yako imekufa siku hiyo. Anza naye.

---

Fundi_Usalama

Kuhusu chumba. Kiyoyozi kile cha ukutani cha kawaida kinazungusha hewa ileile ya ndani, hakiingizi hewa ya nje. Watu wanafunga madirisha, wanawasha, wanadhani hewa ni safi. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Kama upande ni mmoja, weka feni dirishani ikisukuma hewa nje na uache mlango wazi. Anayekohoa akae upande hewa inakotokea kwenda nje, asikae inakoingilia. Barakoa ya kawaida ya hospitali inatosha kuzuia matone ya mgonjwa ikiwa imeziba pua, na ibadilishwe ikilowa. Anayetaka kujikinga mwenyewe achague barakoa ya kuchuja hewa, N95 au FFP2, inayobana usoni. Ndevu zinaharibu mbano huo. Mgonjwa ale peke yake au nje, kwa sababu barakoa zote huvuliwa wakati wa kula.

Na kwa wanaoendesha magari, forklifti, mashine za kukata au kupanda ngazi: dawa za mafua za aina ya klorofenamini zinaleta usingizi na kuchelewesha mwitikio, hata kwa asiyejihisi kusinzia. Kabla ya zamu muulize kila mmoja kama amemeza chochote chenye onyo la usingizi. Akisema ndiyo, mpe kazi ya mezani siku hiyo, na orodha ya kazi hizo za akiba uiandae kabla.