MREJESHO: Nyimbo mbili za tekno zilizokuwa zinagombana kwenye miksi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini wimbo wa mapigo 130 kwa dakika unagombana na wa 138, wakati programu ya DJ inasema ni 8A na 9A, majirani kabisa kwenye gurudumu la Camelot (mchoro unaoupa kila ufunguo wa muziki namba; namba jirani huwa zinapatana).

Aliyesema tatizo ni pichi (kimo cha sauti), ubarikiwe: ukiharakisha wimbo, pichi nayo inapanda. Kuvuta 130 mpaka 138 ni asilimia 6 na ushee, yaani nusu toni nzima. A mainor, ndiyo hiyo 8A, inakuwa B-flati mainor, hivyo 8A yangu ilishageuka 3A! Kukutana katikati, 134, hakukusaidia: mmoja unapanda, mwingine unashuka, pengo ni lilelile.

Nikawasha kitufe cha kufunga ufunguo, kinachobadilisha kasi bila kugusa pichi. Ugomvi kwisha, ila kiki (ule mdundo mzito wa ngoma) ikalegea, haina ngumi tena. Kwa sasa naunga nyimbo zinazopishana mapigo mawili hivi, bila kitufe.

Kupanga maktaba yote kwa ufunguo kumenisaidia nusu tu. Nyimbo za ngoma tupu programu inabahatisha. Hizo nasikiliza mwenyewe. Kukata besi ya wimbo unaotoka ndiko kumefanya kazi kuliko yote.

Asanteni sana, wakuu.