Mashine ya kwanza ya kuchomelea nyumbani: inveta ya rodi, ya waya, au ya kusukwa? Nataka nifike hadi kwenye chesi

Nyuki wa Ipuli
Wakubwa shikamooni, wenzangu mwangaluka. Nipo Ipuli, Tabora mjini. Nina Hilux ya zamani inayonitolea asali porini upande wa Sikonge. Wiki iliyopita nimeingia uvunguni nikakuta chesi imepasuka juu ya springi ya nyuma, ufa wa urefu wa kidole. Mwaka jana fundi aliuziba, sasa umefunguka tena pembeni ya mshono wake uleule. Nimechoka kulipia kazi ambayo sijui imeshika au imepakwa tu. Nataka mashine yangu, nianze na stendi za mizinga na mageti, mwishowe niweze chesi.

Nimeona tatu: inveta ya rodi ya ampea 200, mashine ndogo ya waya isiyotumia gesi, na ile nzito ya kusukwa (ya transfoma, yenye koili za waya) ambayo jirani anaiuza. Umeme wangu ni Luku, fezi moja, na jioni unashuka mpaka taa zinafifia. Nichukue ipi?

Fundi Reli
Marahaba mwanangu. Nilianza kuchomelea karakana ya reli hapahapa Tabora. Ya jirani iache. Ina sifa yake, maana ikiungua msuka mota yeyote anaifufua, lakini inakula umeme mwingi, na nyingi hutoa AC peke yake, yaani umeme unaogeuka-geuka mwelekeo. Kwa fezi moja inayoyumba utahangaika.

Chukua inveta. Inatoa DC, umeme wa mwelekeo mmoja, moto wake umetulia, na rodi ya 7018 inawaka vizuri humo ukiiweka upande wa chanya. Hiyo ndiyo rodi ya chuma kinachobeba mzigo. Rodi ya 6013 iliyojaa madukani ni nzuri kwa geti, inawaka kirahisi, ila haichimbi sana.

Kabla hujalipa soma kibandiko. Ampea 200 kwa asilimia 60 maana yake katika kila dakika 10 unachomelea 6 na kuipumzisha 4. Kama asilimia haijaandikwa popote, rudisha dukani. Na waya wa kurefushia usiwe mwembamba: milimita 2.5 za mraba kwenda juu, ukiwa umekunjuliwa wote.

Dada Grenda
Mzee wangu shikamoo. Naomba niitetee ya waya kidogo. Nipo Kigoma, Gungu, kazi yangu kubwa ni fremu za toyo na bodaboda. Bomba la milimita 2 ukiliendea na rodi kabla mkono haujatulia, unatoboa. Waya unamsamehe anayejifunza. Na kwa kuwa hautumii gesi, upepo wa ziwani haunisumbui hata nikifanyia kazi nje. Kumbuka tu kugeuza nyaya: kwa waya usio na gesi, bunduki inakaa hasi. Wengi wanaiacha chanya halafu wanailaumu mashine kwa kurusha cheche.

Lakini mkuu Nyuki, kwa chesi nakubaliana na mzee. Mashine ndogo ya waya inaweza kulaza mshono mzuri kwa macho ambao chini haujaungana na chuma. Picha nyingi za "kazi safi" ni hizo, na watu wanapakia abiria juu yake. Inaniuma kila nikiona.

Matela ya Urambo
Wa jenereta nipo. Nachomelea matela yanayobeba marobota ya tumbaku, mara nyingi shambani. Kwa ampea 160 tafuta jenereta ya kVA 6 au 7. Ya kVA 3 inakupa rodi ya milimita 2.5 kwa ampea kama 80, basi.

Na chomoa betri, waya wa hasi kwanza. Mimi niliwahi kusahau kwenye pikapu ya mteja, oltaneta ikafa siku hiyohiyo, nikainunua kwa fedha yangu. Klipu ya athi ibane karibu kabisa na unapochomelea, umeme usipite kwenye bearingi.

Nyuki wa Ipuli
Asanteni sana. Sasa kwa nini ufa wangu umerudi palepale?

Fundi Reli
Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo.

Ufa una mama yake. Angalia springi: jani limekatika? Bushi zimeisha? Mzigo unazidi? Usipomaliza hilo, hata nikichomelea mimi utarudi. Pili, joto la mshono hubadilisha chuma cha pembeni yake, na mshono uliosimama wima kukata chesi unakuwa mahali pa kujikunjia. Chesi imeumbwa ijipinde kidogo. Ukiifanya ngumu ghafla sehemu moja, inapasukia mpakani.

Kwa hiyo: kwangua rangi na kutu mpaka ing'ae. Paka mafuta ya taa, futa, kisha paka chaki. Ufa utajichora wenyewe na utaona unakoishia. Safisha mafuta yote. Toboa kitundu cha milimita 4 hivi mwishoni mwa ufa ili usiendelee. Saga ufa kwa grenda uwe kama V, jaza kwa 7018, saga usawa. Ndipo liwekwe bamba la unene usiozidi wa chesi, ncha zake zichongwe kama almasi, zisiishie mstari ulionyooka wima. Kingo za juu na chini usizikatize na mshono. Namba ya chesi usiiguse kwa grenda.

Malori makubwa ni jambo jingine. Baadhi chesi zake zimepikwa kiwandani kupata ugumu, na moto wako unauondoa. Humo bamba linafungwa kwa bolti, kwa kufuata mwongozo wa gari.

Rodi za 7018 usiziache wazi wakati wa mvua. Zinanyonya unyevu, na unyevu huo huzaa ufa ndani ya mshono usiouona.

Dada Grenda
Niongeze la uhai. Kioo cha kinyago kiwe namba 10 au 11, na watoto wasikae karibu kutazama. Mabati yenye zinki kwangua kwanza, moshi wake unaleta homa. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisikaribie moto kabisa, zinageuka gesi ya sumu. Tangi la petroli lishushwe, na tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa.

Nyuki wa Ipuli
Nachukua inveta. VETA Tabora nitaulizia kozi ya uchomeleaji. Nitajuaje mkono umekomaa?

Fundi Reli
Unganisha vipande viwili vya milimita 4, bana kwenye jiriwa, pinda kwa nyundo mpaka vikaribie kukutana. Mshono ukivunjika, tazama ndani: utaona maganda ya rodi yaliyonasa au mahali ambapo chuma hakikuyeyuka. Vikipinda kumi mfululizo bila ufa, njoo tuizungumzie chesi. Kwa sasa gari isibebe asali. Ilete ikiwa tupu, nitachomelea mimi, na kwangua utakwangua wewe.

Nyuki wa Ipuli
Nakuja nayo Jumamosi asubuhi, mzee wangu. Springi naanza kuifungua leo.