Vizimba vya sato: nimlipe mshauri au nitafute mlezi?

MkaziWaIlemela: Wakuu, nina kizimba kimoja cha kufugia samaki aina ya sato (tilapia) majini, nataka viwe vinne. Mshauri anataka laki sita kwa miezi mitatu. Nimlipe, au nitafute mfugaji mzoefu anishike mkono?

Nyamagana_Juu: Inategemea umekwama wapi. Samaki wanakufa au hawakui? Hapo tafuta mtaalamu, ila pita kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri au chuo cha uvuvi Nyegezi. Kama shida ni wanunuzi na vibarua, mlezi anatosha.

DaftariLaSato: Kabla hujatoa hata shilingi, gawanya kilo za chakula ulichotumia kwa kilo za samaki zilizoongezeka. Ikikaribia 1.5 uko vizuri. Ikipita 2, ama unalisha kupita kiasi na punje zinazama, ama idadi ya samaki uliyoandika si ya kweli. Mpe mshauri hizo hesabu siku ya kwanza. Asipouliza oksijeni ya alfajiri, achana naye. Ndiyo saa inaposhuka zaidi, na sato huanza kuhemea juu ya maji.

Mwaloni77: Usitoe laki sita kwa mkupuo, tafadhali! Andikianeni: laki mbili kila mwezi, baada ya yeye kufika kizimbani na kupima uzito wa samaki 30 au zaidi. Na akiwa anauza vifaranga na chakula, ujue ushauri wake utaelekea kwenye ghala lake.

MkaziWaIlemela: Chakula nimeandika, uzito sijawahi. Napima Jumamosi, kisha nakuja na namba.